Vidole Vitatu vya Himalaya

Kila asubuhi kabla sijafungua duka la dawa nampigia Mama simu, na kwa miaka mingi tulikuwa na salamu yetu. Nyumbani tunaongea Ekegusii, lakini jina Himalaya halina Ekegusii chake, kwa hiyo lilikaa hivyo hivyo katikati ya maneno yetu. Namwambia, "Bwakire," yaani kumekucha, "Himalaya ipo?" Naye anajibu, "Ipo, imeamka salama." Basi. Hapo najua amekwisha kukamua ng'ombe, magoti hayamsumbui sana, na kilima anachokaa bado kiko mahali pake. Kisha anakata simu, maana yeye anaamini simu ndefu ni za watu wasio na kazi.

Himalaya yetu si ile ya kwenye atlasi. Ni kipande cha shamba kilicho juu kabisa ya kilima nyuma ya Sironga, mahali ambapo ukidondosha kiazi jikoni utakiokota kwa jirani wa chini. Baba alikuwa kitinda mimba. Shamba lilipogawanywa, ndugu zake walichukua pale chini penye barabara na kijito, yeye akaachiwa mawingu. Wakamcheka kwamba amepewa makao ya nyani. Baba alikuwa mwalimu wa jiografia, mtu wa kiburi cha kimya kimya. Hakubishana nao. Aliazima atlasi shuleni, akawafungulia ukurasa ambao milima imepakwa kahawia iliyokolea mpaka ikawa nyeupe juu, akaweka kidole. "Mimi nakaa hapa," akawaambia. "Nyinyi bakini huko matopeni." Atlasi yenyewe hakuirudisha shuleni kamwe, na jina halikurudi pia.

Lilishika kuliko alivyotarajia. Karani wa kituo cha kupimia majani ya chai alituita watu wa Himalaya, na akituona tunashuka na vikapu asubuhi alituuliza kama huko theluji imeyeyuka. Mzee wa kanisa akitangaza kwamba maombi ya Jumatano yatafanyika Himalaya, waumini waliguna, kwa sababu ilimaanisha kubeba viatu vya kubadilisha. Kijana akichumbia kwa watu wenye masharti mengi, wenzake walisema anapanda Himalaya. Na ikinyesha mvua ya mawe, kama inyeshavyo kwetu mpaka majani ya chai yanabaki matambara, Baba alitoka uani, akashika kiuno, akatazama ule weupe kwenye nyasi na kusema sasa mlima umevaa nguo zake. Mama alikuwa analilia chai yake, yeye anasifu nguo za mlima. Waligombana kwa hilo kila mwaka.

Kitu kimoja alichotufundisha kuhusu ile Himalaya ya kweli nilikichukia tangu utotoni. Alisema haijamaliza kukua. Ardhi inasukumana na ardhi huko chini, mlima unainuka polepole kuliko ukucha unavyoota, na watu wanaoishi juu yake wanapika na kulala bila kusikia chochote. Mimi nilikuwa nalala nimeshika ukingo wa kitanda.

Mwaka niliomaliza shule ya upili, baada ya masika mazito, ufa ulitokea juu ya nyumba yetu katikati ya majani ya napia. Ulikuwa mwembamba, mguu wa mtoto ungepita juu yake bila kukwama, lakini ulikuwa mrefu, umekata shamba kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Baba mkubwa, kaka yake Baba anayekaa kule chini barabarani, alipanda kuutazama, akasema ni maji tu yanatafuta njia. Baba akacheka, akasema hata Himalaya yetu inatembea. Lakini siku hiyo hiyo alichonga vigingi viwili vya mkaratusi. Kimoja akakipigilia juu ya ufa, kingine chini yake, kisha akakata ufito ukaingia katikati ya vigingi bila kuacha nafasi. Akatueleza mimi na mdogo wangu wa kiume kwamba kilima kikishuka, kigingi cha chini kitashuka nacho, na ufito utapwaya. Ufito ukawekwa nyuma ya mlango wa jikoni.

Basi hiyo ikawa Krismasi yetu. Watu wengine walichinja kuku kwanza, sisi tulipanda kwanza kupima. Baba alilaza ufito kati ya vigingi na kuingiza vidole kwenye nafasi iliyobaki. Mwaka wa kwanza kidole hakikuingia. Baadaye kikaingia kimoja, baada ya miaka kadhaa viwili. Alishuka akitangaza kama mtu aliyetoka kuhesabu kura, na Mama akajibu kwamba chakula kinapoa.

Baba alipofariki tulimzika pale pale, kwenye kitalu cha ardhi kilicho bapa pembeni ya nyumba, chini ya ufa. Waombolezaji walipanda wakihema, na kwa kuwa wengi walikuwa wanauliza habari za ule ufa, mdogo wangu alichukua ufito akaenda kupima mbele yao. Vidole vitatu. Nakumbuka alivyoviinua juu watu wavione.

Na baada ya hapo, ajabu, kilima kilisimama. Krismasi iliyofuata vidole vitatu. Inayofuata, vitatu. Tulikuwa tunasema mlima umeacha kutembea kwa kumlilia mwenyewe, na majirani nao walipenda kulisema hilo.

Niseme ukweli hapa, maana bila huo hadithi hii haina maana. Vile vidole vitatu vilitufaa sana. Mimi nimeolewa Birongo, nina nyumba ya vyumba vitatu vya kulala. Lakini kwetu kuna heshima ya ukwe tunayoiita chinsoni, na kwa heshima hiyo mama mkwe halali chini ya paa la mume wa binti yake. Wako watu wa mjini wasioijali siku hizi. Mama yangu anaijali, na mume wangu anaijali mara mbili. Mdogo wangu naye ni fundi wa umeme, amepanga vyumba viwili Kiogoro, yeye na mkewe na watoto wao wawili, na kinachotenga kitanda chao na sebule ni pazia. Mama hawezi kulala upande wa pili wa pazia la mwanawe. Shamba jingine hatuna. Kwa hiyo ilikuwa lazima kilima kikae, na kikakaa, na hatukukiuliza maswali.

Dalili zilikuwepo. Mlango wa sebule ulianza kukwaruza sakafu, mdogo wangu akaupiga randa, baada ya miezi michache ukakwaruza tena. Chemchemi tuliyoteka tangu tuzaliwe ilitoa maji ya rangi ya chai ya maziwa kwa wiki mbili, ikakauka, ikatokea kwingine, chini zaidi, mahali pasipowahi kuwa na maji. Miti ya mkaratusi kwenye mpaka ililalia upande mmoja yote. Ng'ombe alikataa kulishwa juu, ukimvuta anapanda nusu ya njia halafu anasimama na miguu imepanuka. Mama alisema amezeeka. Nami nikakubali kwamba amezeeka, mimi ambaye siku nzima nauza dawa na kuwaambia watu wasipuuze dalili.

Aprili ya mwaka jana nilimpelekea Mama dawa zake za presha bila kumwarifu. Ilikuwa mchana, mvua inanyesha ile ya kutokwisha. Yeye alikuwa jikoni. Jiko letu limejengwa peke yake, dirisha lake dogo likitazama juu ya kilima, na moshi ulikuwa unatokea hapo. Nilimsalimu, nikachukua panga nikakate napia za ng'ombe kabla sijalowa zaidi. Ufito niliuchukua kwa mazoea tu.

Niliulaza kati ya vigingi, nikaingiza vidole vitatu. Vikapotea. Nikaingiza kiganja kizima, kikaingia kikabakisha nafasi ya dole gumba. Nilipiga magoti kwenye matope nikatazama vizuri. Chini kidogo ya kigingi cha chini palikuwa na tundu la zamani, limezibwa kwa udongo na kukanyagwa. Kigingi kiliwahi kung'olewa mahali hapo na kupigiliwa juu zaidi.

Nikajua mara moja. Huyu ni Mama. Anakirudisha kigingi kabla ya Krismasi ili sisi tuone vidole vitatu, tusimtoe kwenye nyumba yake na kaburi la mumewe. Nilishikwa na huruma na hasira pamoja. Mama mjanja, nikasema, unatuchezea.

Halafu nikafikiri. Mdogo wangu alikuwa amesema atakuja Jumamosi kurekebisha taa. Angepima, angekuta kiganja na zaidi, angesema Mama ashuke. Lingekuja swali la wapi, na macho yote yangegeukia Birongo, kwa mwenye vyumba vitatu. Ningeingia nyumbani kwangu jioni hiyo nimwambie mume wangu nini? Miaka yote hiyo hatujawahi kugombana kwa jambo la wazazi, sikutaka tuanze. Nikajiambia ngoja masika yaishe, nitatafuta maneno. Basi niling'oa kigingi, nikakisogeza juu mpaka vidole vitatu, nikakipigilia kwa jiwe. Jiwe lilikuwa na matope, likateleza, likanichubua kidole. Tundu nililoacha nikalijaza udongo na kulikanyaga, kama nilivyoona limefanywa lile la kwanza.

Niliposhuka Mama alinitazama mkono. "Umejiumiza na nini?"

"Panga," nikasema.

Alikishika kile kidole, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Akachana kipande cha leso kuukuu akakifunga, fundo moja, fundo la pili. "Ungevua hizo nguo ukae motoni," akasema.

Ilipofika Krismasi nilienda peke yangu, watoto nikawaacha kwa baba yao nikisema njia ina utelezi. Mdogo wangu alikuwa ametangulia, naye amekuja bila mkewe na watoto. Sikujiuliza kwa nini. Tulipanda na ufito, akaulaza, akaingiza vidole. Vitatu, vimekaa sawasawa.

"Himalaya imetulia," akasema.

Nilikitazama kile kigingi. Mimi nilikiweka kigingi hapo Aprili. Baada ya hapo ilinyesha Mei, ikanyesha Agosti, ikanyesha vibaya Novemba. Kisingeweza kuwa mahali pale. Nikasema moyoni, Mama amekirudisha tena.

Tukashuka kufagia kaburi la Baba kama kawaida yetu. Saruji juu yake ilikuwa imepasuka katikati, kutoka kichwani hadi miguuni. Upande wa chini umeinama, na mkono wangu ungeingia kwenye ule mpasuko mpaka kwenye kiwiko. Sikuuingiza. Mdogo wangu alisimama na ufagio, akafagia mahali pamoja tu, pale pale, muda mrefu. Nikaogopa. Si kama nilivyoogopa utotoni kwa maneno ya Baba, bali kama mtu anayejua kabisa.

"Kuna jambo," nikamwambia. "Mama anasogeza kile kigingi. Sijui tangu lini. Anatuficha ili tusimshushe."

Hata wakati ule, mbele ya kaburi la Baba, nilitaja la Mama nikanyamazia langu. Sijipendi kwa hilo.

Mdogo wangu aliegemeza ufagio ukutani. "Si Mama, dada," akasema. "Ni mimi."

Akasimulia akitazama chini. Alianza Desemba ya mwaka juzi, alipokuja siku chache kabla ya Krismasi akakuta kiganja kizima. Alifikiria lile pazia lake la Kiogoro, akamfikiria mwenye nyumba aliyekwisha kumwambia watu ni wengi mle ndani, akakirudisha. Na leo asubuhi, kabla sijafika, amekirudisha tena. Nilimuuliza leo alikikuta wapi. Akasema viganja viwili havikutosha. Hapo ndipo nikamwambia ya Aprili, na kwamba lile tundu lake la Desemba nilidhani ni la Mama. Alinitazama kana kwamba nimempiga.

Tulijaribu kujumlisha, kiganja chake, kiganja changu, hivi viwili vya leo, tukashindwa. Hatukujua matundu yote yako wapi, na kama naye Mama aliwahi kukisogeza basi hakuna aliyejua lolote. Kilima kilikuwa kimetembea muda wote huo na hatukuwa na kipimo hata kimoja cha kuamini. Tukakubaliana kwa sauti ya chini kwamba tumwambie leo leo ashuke.

Mama alikuwa kwenye mlango wa jikoni na mwiko mkononi. "Mmemaliza kupima?"

"Mama," nikaanza, "kile kigingi. Kama nawe umekuwa ukikirudisha tuambie, hatutakasirika."

"Mimi?" akasema. "Sijakigusa tangu baba yenu azikwe." Akaelekeza mwiko kwenye lile dirisha dogo nyuma yake. "Nikipika naona juu kote. Wewe nilikuona mvua ikikunyeshea. Huyu nilimwona mara mbili, na leo hata chai alikuwa hajanywa."

Hakuinua sauti. Ingekuwa afadhali angeinua.

"Nikasema, watoto wangu hawana pa kuniweka na wanaona haya kuniambia. Sikutaka kuwaaibisha. Nikawangoja, nione ni nani atakayekuja kuniambia, Mama, shuka."

Aliingia nyumbani akatoka na mkoba. Si kwamba alienda kuupanga. Ulikuwa tayari, nyuma ya mlango wa sebule, ule ule unaokwaruza. Ulikuwa wazi juu kidogo, nikaona kitenge chake cha kanisani, karatasi ya duka langu yenye dawa za presha, na ile atlasi ya Baba iliyochakaa pembe. Akauweka kati yetu sisi watatu, akajifunga leso vizuri kichwani.

"Haya, mmesema. Twendeni. Mnanipeleka wapi?"

Nilikuwa nalo neno. Birongo. Lilikuwa mdomoni kabisa, lilihitaji pumzi moja tu. Nilimwona mume wangu ameketi mezani, nikaiona aibu itakayomkaa usoni, nikawaona jamaa zake. Nikamtazama mdogo wangu. Mdogo wangu alikuwa anatazama viatu vyake. Jikoni sufuria ya wali ilianza kufurika, tukasikia maji yakimwagikia motoni, na hakuna aliyesogea.

Mama alitungoja. Alitupa muda wa kutosha, hilo siwezi kumnyima. Kisha akainama, akainua mkoba, akaurudisha nyuma ya mlango, akaenda kuepua wali.

Wiki hiyo hiyo nilizungumza na mume wangu. Siku ya tatu akasema Mama aje, yeye atalala kwa kaka yake mpaka tupate njia. Nikampigia Mama mbio mbio kumweleza. "Ulichelewa kwa sufuria moja, mwanangu," akanijibu. "Sasa nikija nitakuwa nimekuja kwa majuto yako, na nitamfukuza mtu kwake. Mkinijengea pangu nitashuka." Nilimsihi, nikalia kwenye simu, akasema simu ndefu inamaliza chaji.

Basi tunajenga, au tunataka kujenga. Nguzo zimekwisha kununuliwa, mabati yako Kiogoro yameegemezwa kwenye lile pazia. Baba mkubwa amekubali kutupa pembe ndogo ya shamba lake kule chini penye barabara, lakini mahali penyewe maji yamesimama, msingi hauchimbiki. Anasema tungoje mvua ipungue. Kila nikimuuliza ananiambia hivyo hivyo, mvua ipungue, na mvua inaendelea kunyesha.

Vile vigingi tuliving'oa vyote viwili siku ile ile ya Krismasi, tukavitia motoni. Sasa hakuna cha kupima. Asubuhi bado nampigia kabla sijafungua duka, nikisimama na funguo mkononi, nikihesabu inavyolia. Ikilia mara nne nazirudisha funguo mfukoni. Leo imelia mara sita.

"Bwakire," nikamwambia. "Himalaya ipo?"

"Ya Himalaya sijui," akasema. "Mkoba upo."